Mizani ya 45,000: kilo inapima sawa, mshale mwekundu ndio ulioniudhi

Assalam alaykum, karibuni. Leo nimeudhika, na kilichoniudhi hiki hapa: mizani ya kioo niliyoinunua Darajani kwa shilingi 45,000, baada ya kuanziwa 60,000. Betri, blututhi na mengineyo mnayajua, nayaruka. Ninachotaka mkione ni mshale huu kwenye simu, maana mizani hii hutuma vipimo vyake huko. Niisogeze karibu. Huu ni wa Jumapili asubuhi: mwekundu, na chini umeandikiwa umeongezeka kilo 1.4 tangu jana. Tangu jana!

Jumamosi jioni nilikula urojo. Bakuli moja na nusu, badia, kachori, chipsi za muhogo kwa juu. Haya, tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kilo 1.4 ni karibu 10,800, tena zaidi ya zile ambazo mwili umeshazitumia siku hiyo. Urojo gani huo?

Sasa tazameni. Napanda: 72.4. Nachukua chupa ya maji, nusu lita, haijafunguliwa, nimeishika: 72.9. Nashuka, nayanywa yote. Msiondoke, nakaribia kumaliza... Alhamdulillahi. Napanda tena na chupa tupu mkononi: 72.9 ile ile! Maji yawe mkononi au tumboni, kwa mizani ni mamoja. Na simu je? Mshale mwekundu. Kwa maji matupu!

Na ule urojo ndivyo ulivyokuwa. Chumvi inayashikilia maji mwilini. Muhogo na viazi, sehemu yake mwili unaiweka akiba kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo inashika maji kama gramu 3. Jumatano nilikuwa nimesharudi 72.4, sikufunga wala sikukimbia. Dada zangu, siku za mwezi zikikaribia nazo huleta hayo hayo.

Kuna mtazamaji kaniandikia kwamba kaacha chakula cha mchana kwa sababu ya mshale kama huu. Mwanangu, kula. Ukipunguza kalori 500 kwa siku, kilo moja ya mafuta inachukua kama siku 15 kutoka. Mshale wa jana na leo utaionaje?

Kalori zenyewe zitafute kwenye tui. Gramu ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Mie nilikuwa nikipima wali kwa kikombe, halafu tui la kwanza nalimimina tu.

Ile mizani ya sindano kwenye maduka ya dawa ina uungwana zaidi, haikukumbushi ya jana. Ila haina kumbukumbu yoyote.

Asilimia ya mafuta ya mwili inayotoa mizani hii yangu msiishughulikie. Inapitisha umeme mdogo nyayoni: miguu mikavu imenipa 34, nimetoka kutia udhu imenipa 31. Na mwenye kifaa cha moyo kifuani asiipande kabisa.



Je, ningeinunua tena? Nilikuja na jibu la hapana. Lakini hebu nishuke huku chini kabisa kwenye simu... wastani wa wiki. Wiki 4: 73.6, 73.3, 72.9, 72.5. Yarabi, mstari mzuri namna hii, mbona wameuficha huku?