Miezi sita na taa mpya za LED juu ya tangi langu la matumbawe

Nimekuwa nikifuga matumbawe hapa Muscat, na huu ni mwaka wa saba, katika tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 50, ambalo ukishaondoa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga hubakiwa na maji yapatayo lita 170. Nimetanguliza vipimo hivi kwa sababu maoni juu ya taa yasiyotaja ukubwa wa tangi hayamsaidii mtu anayetaka kununua. Taa ninazozizungumzia ni mbili, za LED, kila moja ya wati 75, zenye lenzi juu ya kila fungu la vitaa, feni ndogo mgongoni na programu ya simu ya kuziendeshea. Nilizinunua kwa fedha zangu mwenyewe. Kampuni iliyozitengeneza sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayaipendezi, na mengi ya yaliyoharibika yaliharibika kwa mkono wangu mimi.

Kabla ya hapo nilikuwa na taa za mirija aina ya T5, mirija minne ya wati 39, na sikuwa na ugomvi nazo katika suala la mwanga. Ugomvi wangu ulikuwa joto. Wakati wa kiangazi hapa joto la nje hupita nyuzi 40, na hata nyumba yenye kiyoyozi haibaki baridi mchana kutwa. Ukiongeza wati 156 zinazochemka sentimita 10 juu ya maji, mashine ya kupoza maji hufanya kazi bila kupumzika, na maji yanayopotea kwa mvuke lazima yarudishwe kila siku. Isitoshe, mirija hiyo hufifia kadiri inavyotumika na hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miezi 9 hadi 12. Yangu ilikuwa imefika mwezi wa kumi na tano. Jambo hilo nililiona dogo wakati ule, na sasa najua ndilo lililonigharimu zaidi, kwa maana matumbawe yangu yalikwisha kuzoea mwanga dhaifu kuliko nilivyodhani.

Taa zilifika mwezi wa Machi. Nilizitundika sentimita 20 juu ya maji, nikafungua programu, nikaweka nguvu ya asilimia 60 na kurudi nyuma kutazama. Tangi lilionekana limepoa, la buluu, karibu la giza ukilinganisha na weupe wa mirija niliyoizoea, na nikakumbuka kujiambia kwamba pengine hata asilimia 60 haitoshi. Hapo macho yalinidanganya. Jicho la mwanadamu huona vizuri zaidi mwanga wa kijani unaoelekea manjano, wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 555, na huiona kwa udhaifu sana ile buluu ya nanomita 450 ambayo taa hizi huimwaga kwa wingi. Kwa tumbawe mambo ni kinyume. Buluu ndiyo rangi inayopenya maji ya bahari kwa kina kirefu kuliko zote, nayo hufyonzwa vizuri na umbijani wa mwani unaoishi ndani ya tumbawe. Kile nilichokiona mimi kuwa ni kivuli, kwao kilikuwa jua la mchana.

Siku ya pili sikuona tatizo. Siku ya tatu Euphyllia, tumbawe langu lenye mikono mirefu, ambalo kwa kawaida hupepesa mikono yake kama majani ya mkoko kwenye maji kupwa, lilijikunja likabaki mifupa na nyama kidogo pembeni. Matumbawe ya uyoga yaliyokuwa juu ya jiwe la kati yalinywea mpaka yakawa kama vifungo vya shati. Siku ya nne asubuhi niligundua kwamba Montipora yenye matawi kama vidole, niliyoilea kutoka kipande cha sentimita tatu, ilikuwa imepauka upande wote unaotazama juu, ilhali upande wa chini ulikuwa bado na rangi yake ya machungwa. Mstari baina ya pande hizo mbili ulikuwa mkali kana kwamba umechorwa kwa rula, na ndio ulionithibitishia kwamba chanzo ni taa na wala si maji, kwa sababu maji mabaya hayachagui upande.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya nyama ya tumbawe mna mwani wa seli moja unaofanya usanisinuru na kulipa tumbawe sehemu kubwa ya chakula chake. Mwanga ukizidi ghafla kuliko uwezo wa mwani huo kuutumia, mitambo yake ya usanisinuru huelemewa na kuzalisha oksijeni kali inayounguza seli, na tumbawe, ili lijiokoe, huufukuza mpangaji huyo. Mwani ndio wenye rangi nyingi, kwa hiyo ukiondoka hubaki ngozi angavu na mifupa meupe chini yake. Ndilo jambo lile lile lililoipata pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño na matumbawe yakapauka kwa wingi. Kule kilichotangulia kilikuwa joto, kwangu kilikuwa mwanga, lakini mlango ni mmoja. Mwani hauko bila kinga, kwani ukipewa wiki kadhaa hubadilisha kiasi cha umbijani wake na tumbawe huongeza rangi zake za kujikinga. Siku nne hazitoshi. (Nyumba ya babu yangu kule Mji Mkongwe, Unguja, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kila nikimsimulia mjomba habari za mashaka yangu hunikumbusha kwamba wazee wetu hawakuwahi kuwa na taabu hii.)

Rafiki mmoja aliniazima kipima mwanga cha Apogee, ule muundo wa MQ-510 uliotengenezwa kwa kupimia chini ya maji, na hapo ndipo nilipoanza kufanya kazi kwa akili. Kipimo hicho huhesabu PAR, yaani maikromoli za fotoni zenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700 zinazoangukia mita moja ya mraba kwa kila sekunde. Kwanza nilizirudisha zile taa za mirija mahali pake kwa nusu saa ili nijue matumbawe yalikuwa yametokea wapi: juu ya jiwe palikuwa na 140, katikati 85, mchangani 55. Kisha nikaziwasha za LED kwa asilimia 60 zile zile. Juu ya jiwe, moja kwa moja chini ya lenzi, palisomeka 330, na shubiri moja kando palisomeka 150. Nilikuwa nimeyazidishia matumbawe mwanga zaidi ya mara mbili kwa usiku mmoja, huku nikilalamika kwamba tangi lina giza.

Asilimia inayoonyeshwa kwenye programu ni asilimia ya uwezo wa taa, nayo haijui taa imetundikwa kimo gani, maji yana kina gani wala matumbawe yametoka chini ya mwanga gani. Taa hizi zina hata kitufe cha kuzoesha matumbawe, kinachopandisha mwanga polepole kwa siku 30, lakini huanzia nusu ya kiwango ulichoweka na hupanda mpaka kukifikia. Mtu aliyeweka asilimia 100 akaamini kitufe hicho ataanza na asilimia 50, na kwa tangi langu huko kungekuwa kuunguza tu kwa heshima. Mwongozo uliomo ndani ya boksi hautaji PAR hata mara moja, na hilo ndilo lawama langu kubwa juu ya bidhaa hii.

Nilirudi nyuma. Nilizipandisha taa hadi sentimita 30 juu ya maji, nikashusha nguvu hadi asilimia 30, nikatandika juu ya tangi tabaka mbili za wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, baada ya kupima na kuona kwamba kila tabaka linapunguza karibu robo ya mwanga. Juu ya jiwe pakasomeka 70, nusu ya kile matumbawe yalichokizoea, kwa sababu nilitaka yapumzike kwanza. Baada ya siku 10 niliondoa tabaka moja, baada ya siku nyingine 10 la pili, na hapo tukawa tumefika 125. Kuanzia hapo niliongeza asilimia 2 kila Ijumaa, mara tisa kwa jumla, nikisimama wiki nzima bila kuongeza chochote kila nilipoona polipu, yaani vile viumbe vidogo vinavyounda tumbawe, zimejificha. Nilisimama mara mbili. Leo taa ziko kwenye asilimia 48, na vipimo ni 200 juu, 120 katikati na 70 mchangani, na sina nia ya kuongeza zaidi, kwa kuwa sifugi nyingi za Acropora, matumbawe yanayotaka mwanga mkali, na mengine yameridhika.

Kuna jambo moja ambalo sikulitarajia na ambalo nusura liniulie yale yaliyonusurika. Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti, na kasi ya ujenzi huo hufuata mwanga. Pampu yangu ndogo hudondosha kila siku dawa ya kurudisha ualkali unaotumika, yaani akiba ya kaboneti majini, inayopimwa kwa dKH, na ilikuwa imewekwa kwa mahitaji ya tangi lenye afya. Matumbawe yalipopauka yaliacha kujenga, pampu ikaendelea kudondosha, na ndani ya wiki moja ualkali ukapanda kutoka dKH 8.2 hadi 10.4, jambo ambalo matumbawe yaliyokwisha kudhoofika hayalihitaji hata kidogo. Nilipunguza dawa kwa zaidi ya nusu na kuuacha ushuke wenyewe. Miezi mitatu baadaye mambo yaligeuka: chini ya mwanga mpya ujenzi uliongezeka kupita wa zamani, na sasa tangi hula karibu dKH 0.9 kwa siku mahali ambapo zamani lilikula 0.6. Anayebadilisha taa basi na apime ualkali kila siku, wala asingoje Ijumaa kama mazoea.

Ubora wa mwanga wenyewe ni mzuri. Kijani cha Zoanthus, jamaa wa matumbawe wanaofanana na maua madogo, kinang'aa jioni kwa namna ambayo mirija haikuwahi kukitoa, na mawimbi madogo yanayochezacheza mchangani yananikumbusha maji ya ukingoni kule kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja. Hasara yake ni vivuli. Mirija humwaga mwanga kwa upana, ilhali lenzi hizi huurusha kama tochi, hivyo matawi ya chini ya Montipora, yaliyokuwa yakipata mwanga wa pembeni, sasa yamekaa gizani na mawili yamekufa. Taa ya tatu ingesaidia, au lenzi pana zaidi, lakini taa ya tatu ni fedha.

Programu ya simu siipendi. Mwezi wa Juni umeme ulikatika usiku kwa dakika chache, na uliporudi taa zilikuwa zimesahau saa na kuingia katika hali ya maonyesho ya dukani, asilimia 100, saa 8 usiku. Niliamka kwa ajili ya Alfajiri nikaikuta sebule nzima inawaka buluu na chafi wangu amejibanza nyuma ya mawe. Matumbawe yalifunga polipu kwa siku mbili kisha yakafungua. Kama hilo lingetokea mwezi wa Machi ningekuwa naandika habari nyingine. Kampuni ilijibu barua yangu baada ya siku 9, ikatuma toleo jipya la programu, ambalo limeondoa hali ile ya maonyesho lakini saa bado hupotea. Nimelazimika kununua betri ya akiba kwa ajili ya taa peke yake.

Kuhusu sababu iliyonifanya nibadilishe, sina la kujutia. Kwa asilimia 48 taa zote mbili zinakula takriban wati 70 nikipima kwenye soketi, chini ya nusu ya mirija. Kiangazi hiki mashine ya kupoza maji imekuwa ikipumzika vipindi virefu, nyuzi zimebaki kati ya 25 na 26, na maji ninayorudisha kwa siku yameshuka kutoka lita 5 hadi 3 na nusu. Feni husikika kidogo usiku ukiwa umekaa karibu.

Kwa bei yake ningezinunua tena, ila safari hii ningekodi au kuazima kipima mwanga wiki moja kabla, nikapima kwanza mwanga wa zamani wakati matumbawe yakiwa bado chini yake. Euphyllia limerudi kama lilivyokuwa. Uyoga nimeuhamishia mchangani na umeshaanza kutoa watoto. Montipora imeota upya kutoka pembeni, nyama ya machungwa ikipanda taratibu juu ya mifupa iliyokufa, na pamebaki doa jeupe la ukubwa wa kucha ya kidole gumba, ambalo mwezi uliopita lilikuwa kubwa mara mbili.