Kinanda cha kwaya na harusi: kigeuze mgongo kabla hujalipa

Nilipiga ubeti mzima bibi harusi akiingia, na hakuna aliyesikia. Hata mimi sikusikia. Ilikuwa Kibosho, chini ya turubai, nimebanwa kona kati ya meza ya keki na jenereta, vidole vinakwenda, kichwa nakitikisa kwa madaha kama mtu anayejua anachofanya. Kwaya imesimama inanikodolea macho. Mwalimu wa kwaya akanionyesha sikio lake, nikadhani ananisifu, nikaongeza mbwembwe. Kumbe fundi mitambo alikuwa ameshusha chaneli yangu ili mshereheshaji aseme neno, akasahau kuirudisha.

Kusahau ni kosa la fundi, na tulishasameheana juu ya sahani ya pilau. Lakini kwa nini mimi niliyekaa nyuma ya kinanda sikujua kwamba hakitoi sauti? Kwa sababu kinanda changu cha wakati ule (jina silitaji) kilikuwa na tundu moja tu la kutolea sauti, nalo ni tundu la hedifoni. Ukichomeka pini pale, spika za kinanda chenyewe zinanyamaza. Zimetengenezwa hivyo makusudi, ili mtu afanye mazoezi usiku bila kuamsha nyumba. Ukiwa sebuleni ni jambo jema. Ukiwa kwenye sherehe, sauti yako yote imekwenda kwenye mixa (meza ya fundi ya kuchanganyia sauti), spika kubwa zimewatazama wageni, na wewe umebaki unapiga kwa imani.

Tangu nisimulie kisa hicho nimeandikiwa na wapiga kinanda wa Pasua, Himo na Ngarenaro, wote na malalamiko ya nyuma ya kinanda, hakuna hata mmoja wa mbele. Ndiyo maana mwongozo huu hautahesabu sauti wala midundo. Boksi likikuambia kinanda kina sauti mia nane, sawa. Utatumia piano, ogani, zile nyuzi za kujaza nyuma, gitaa la sebene, na tarumbeta siku ya Pasaka. Funguo ziwe 61 na ziwe zinasikia mkono, yaani ukigusa polepole sauti iwe ndogo na ukikandamiza iwe kubwa. Basi, hapo mbele tumemaliza.

Tugeuze mgongo.

Yule wa Ngarenaro aliniandikia kwamba kinanda chake kipya nyumbani kinaimba vizuri, lakini kikiunganishwa na vyombo vya kanisa piano inasikika "kama imefungiwa kwenye kopo". Alikuwa ameshakirudisha dukani mara mbili. Nikamwomba anipigie picha ya pini ya waya wake. Ilikuwa na pete mbili nyeusi.

Tazama pini yako sasa hivi kama unayo karibu. Pete moja nyeusi maana yake ni mono, inabeba sauti ya upande mmoja. Pete mbili ni steriyo, inabeba kushoto na kulia. Tundu la hedifoni hutoa steriyo. Sasa, mixa nyingi zikiona pini ya pete mbili kwenye chaneli moja haziichukulii kama kushoto na kulia. Zinachukulia kwamba ni sauti ile ile imeletwa mara mbili, ya pili ikiwa imepinduliwa ili kufuta kelele za njiani, kwa hiyo zinatoa moja kwenye nyingine. Na piano ya kinanda, hasa sauti zake za katikati, ziko karibu sawa pande zote mbili. Mbili toa mbili, jibu unalo. Besi inapotea, piano inakonda, kinabaki kile kimvumo cha pembeni tu. Hapo kopo ndipo lilipotoka.

Ukiweka pini ya pete moja kwenye tundu hilo hilo la steriyo nako si salama sana, maana upande wa kulia unagusana moja kwa moja na waya wa ardhi. Sauti itatoka, lakini ya upande mmoja, na kinanda hakikutengenezwa kuishi hivyo. Dawa ni waya wa matawi mawili: huku pini moja ya pete mbili, kule pini mbili za pete moja moja, na kila tawi linaingia chaneli yake kwenye mixa. Ni waya wa bei ndogo tu. Duka linalouza kinanda halitakuambia, litakuuzia waya wowote ulioning'inia karibu.

Kwa hiyo orodha yangu imepangwa kwa matundu.

Nambari moja ni Yamaha PSR-E473. Sifichi, mimi ni mtu wa Yamaha. Nilijifunzia ya usharika, wenzangu wengi ninaokutana nao kuanzia Marangu mpaka Machame wanapiga hiyo, na siku nikiugua naweza kumpigia simu yeyote aje kushika zamu yangu bila kuniuliza tranzipozi (ile ya kupandisha na kushusha ufunguo wa wimbo) iko wapi. Lakini hata ungeniondolea ushabiki, geuza E473 uone: tundu la L/L+R, tundu la R (L ni kushoto, R ni kulia), na la hedifoni limekaa peke yake. Unapeleka sauti kwenye mixa kwa matundu yake, na spika za kinanda zinaendelea kukuimbia wewe pale ulipo. Fundi akisahau chaneli, utajua kabla ya ubeti kuisha, kwa sababu utajisikia mwenyewe na hutawasikia watu wakiitikia. Mixa ikiwa imejaa na umepewa chaneli moja, tumia tundu la L/L+R na waya wa pete moja, kinanda chenyewe kitachanganya kushoto na kulia bila kufuta kitu. Kina pia tundu la maikrofoni, jambo linalokuokoa siku ya jumuiya nyumbani kwa mtu ambako hakuna vyombo kabisa. Ubaya wake ni uzito, kilo 7 hivi. Ukipanda nacho bodaboda kwenda Uru utanikumbuka, hasa kona zile.

Mwenye fedha zaidi ataniuliza kuhusu PSR-SX600. Ni kinanda kizuri, kina matundu mawili kama inavyotakiwa, na sauti zake zina nyama. Ila hakitumii betri. Sisi huku tunazika nyumbani. Msiba uko juu kwenye kihamba, katikati ya migomba, umeme umekatika tangu asubuhi, jenereta imechukuliwa na mtu wa maikrofoni, na kwaya inakutazama. SX600 siku hiyo ni meza ya kuwekea mashada. Mnunulieni kanisa lenye umeme wa uhakika, kikae hapo hapo, kisitoke.

Ya pili kwangu ni Yamaha PSR-E373, na hapa nitaonekana najipinga, kwa sababu ina tundu moja tu, limeandikwa PHONES/OUTPUT, na ndiyo, ukichomeka spika zinazima. Lakini ni tundu la pini kubwa, ile ya milimita 6.3, inayokaa ikakaa. Kinanda kina kilo 4.6, kinatumia betri 6 za AA, na mazishini nimekipiga kuanzia ibada ya nyumbani mpaka kaburini bila wasiwasi (beba seti ya pili ya betri mfukoni, usijifanye shujaa). Ukikinunua, nunua siku hiyo hiyo ule waya wa matawi mawili, na kabla ya sherehe mwendee fundi mitambo kwa adabu, "Shikamoo kaka," hata kama ni mdogo kwako, umwombe spika moja ya kurudishia sauti ikutazame wewe. Akikataa, kuna ujanja wa kijijini: usichomeke waya wowote. Acha kinanda kiimbe kwa spika zake, mwombe maikrofoni moja, isimamishe mbele ya spika ya kinanda. Haitasikika kama redioni, lakini wewe utajisikia, kwaya itakusikia, na harusi itaingia.

Casio CT-X3000 naiweka ya tatu, na mashabiki wake mnisamehe. Ina matundu mawili ya kutolea sauti, haki yake naipa, na kwa kigezo changu mwenyewe ilistahili kukaa juu ya E373. Haikai. Nikiazimwa Casio napoteza ibada nzima natafuta vifungo, na huu ni mwongozo wangu. Kama wewe umekulia Casio, ipandishe.

CT-S300, ya Casio pia, wengi mnaipenda kwa sababu ina mpini wa kushikia na kilo 3.3 tu. Mazoezi ya nyumbani, jumuiya, kufundishia watoto, ni nzuri mno. Lakini tundu lake ni la pini ndogo ya milimita 3.5, kama ya simu. Hiyo inahitaji kichwa cha kugeuzia ili ifike kwenye waya wa mixa, na kichwa cha kugeuzia ni kitu kinachongoja mtoto apite na kukanyaga waya. Jukwaani hapana.

Za mtumba, kwa mfano Yamaha PSR-S670 iliyotoka 2015, ina matundu sahihi na ukiipata safi ni bahati. Piga kila funguo, moja moja, nyeusi na nyeupe, polepole kisha kwa nguvu. Halafu uliza adapta, maana hiyo inataka volti 16 wakati ndugu zake wadogo wanataka 12.

Vile vinanda vya bei chee visivyo na jina, vyenye taa za rangi na maikrofoni ya plastiki, mnunulie mtoto wa dada yako.

Nimetaja adapta, ngoja nimalizie hasira. Boksi nyingi nilizofungua mimi hazikuwa na adapta ndani. Ukiuliza, muuzaji anavuta droo, anakutolea ya king'amuzi, "Hii ni volti 12, dada, ni ile ile." Volti huenda ni zile zile, lakini ukiwasha unasikia mvumo kama nyuki ndani ya mzinga, na mvumo huo unakwenda moja kwa moja kwenye spika za kanisa. Na usijaribu mchezo huo kwenye Casio za zamani za volti 9. Nyingi ya hizo zina hasi katikati ya pini, wakati Yamaha ina chanya katikati. Mchoro mdogo wa duara lenye alama za kujumlisha na kutoa umechapishwa kwenye adapta na mgongoni mwa kinanda. Ifananishe michoro hiyo miwili kabla ya kuchomeka.

Na bei. Duka moja Moshi mjini niliambiwa E373 ni 850,000. Nikamtuma mdogo wangu wa kiume, hajui hata do iko wapi, akaambiwa 720,000. Mwezi uliofuata mzee wa kanisa akaenda duka lile lile na barua yenye mhuri, 950,000, na "zawadi" ya stendi inayoyumba kama ngazi ya kuchumia kahawa. Mhuri wa usharika kumbe una bei yake. Nawaomba kamati za ununuzi, kwa upendo wote: msimtume mweka hazina peke yake. Anakwenda, anaona rangi, anapunguziwa elfu ishirini, anarudi anashangilia, na mpiga kinanda anakiona kwa mara ya kwanza siku ya kuwekwa wakfu. Mpeni nauli mpigaji. Kama Moshi hakipo, Arusha ni kilomita 80 tu, akaende akageuze mgongo mwenyewe. Na garantii mliyoandikiwa kwenye risiti, muulizeni mangi mwenye duka inaishia wapi. Mimi yangu iliishia mlangoni.

E473 yangu nilikwenda kuitafuta Arusha. Siku hizi siingii dukani bila ule waya wa matawi mawili na hedifoni kwenye mkoba. Kijana wa duka la kwanza alinitolea kinanda cha tundu moja, akaniambia ndicho hicho hicho, tofauti ni namba tu. Nikamwomba akiwashe. Akapiga piga, kinaimba vizuri, akanitazama kwa ushindi. Nikachomoa waya kwenye mkoba, nikauchomeka mgongoni. Kimya. Akabonyeza funguo, kimya. Akazima, akawasha, akaongeza sauti mpaka mwisho, akagonga kwa kiganja.

"Mama, umekiharibu."

Nikachomoa pini. Kwa kuwa alikuwa ameacha sauti juu kabisa na kiwiko chake kiko kwenye besi, duka zima liligeuka. Mlinzi alisimama. Kijana alikaa kimya kidogo, akachukua pini yangu, akaizungushazungusha akitazama zile pete, kisha akaniuliza huo waya nauza shilingi ngapi.