Nilipigwa laki na ishirini ya dawa ya mbu, kumbe shida ilikuwa bomba la chemba ya choo

Naanza na nyota kabisa: huduma ya kupulizia dawa nyota mbili kati ya tano, kipande cha wavu cha buku mbili nyota tano. Hiyo ndo rivyuu yangu, mwenye haraka aishie hapo, wengine kaeni niwasimulie.

Mi nakaa Tabata, nyumba ya vyumba vitatu na kauwani kadogo nyuma. Miezi ya ukavu mbu wapo ila wa kuvumilika, lakini vuli ikishaanza, zile mvua za mwezi wa kumi zinazopiga usiku halafu asubuhi jua linawaka kama hakuna kilichotokea, basi ni balaa. Safari hii ilifika hatua tunakula saa kumi na mbili jioni, tukimaliza kila mtu chini ya chandarua kama vifaranga kwenye tenga, tivii inaongea peke yake sebuleni. Dawa ya kuwasha ile ya mzunguko nilikuwa nachoma mbili mbili mpaka mtoto akaanza kukohoa nikaacha. Raketi ya umeme nayo raha yake ni ule mlio tu, pa! pa!, unaua ishirini unajiona jemedari, ukikaa chini wapo wengine ishirini.

Ndo nikatafuta watu wa kupulizia. Jina silitaji maana sitaki kesi. Kwa haki yao niseme walifika kwa muda, vijana wawili na mapampu yao mgongoni, maski usoni, adabu ipo, wakatuambia tufunike vyombo, tutoe maji ya kunywa, tukae nje masaa manne. Laki na ishirini, gharantii miezi mitatu. Tukaenda kushinda kwa shangazi, tukarudi jioni nyumba inanuka dawa, mbu wamelala chali chini ya madirisha, nikafagia nikajaza kizoleo, nikasema leo nimeitendea haki familia.

Usiku wa kwanza kimya, wa pili kimya. Wa tatu saa mbili usiku nasikia ziiiii sikioni.

Nikapiga simu, naambiwa "hao wametoka kwa jirani bosi, tuje turudie kwa nusu bei". Gharantii ikawa imeyeyuka hivyo hivyo. Na hapa ndo ugomvi wangu nao ulipo, sio dawa. Dawa ya ukutani kazi yake ni kumuua mbu aliyekuja kutua pale, na tena mbu wa sehemu nyingi za nchi hii dawa za jamii ya pairethroidi, zile za kuulia mbu zinazotumika sana, wameshazizoea. Lakini hata ingekuwa kali kama nini, haimgusi anayezaliwa kesho. Kwa joto la Dar yai mpaka mbu kamili ni kama wiki moja, siku kumi hivi. Wale vijana walipiga vyumba vyote mpaka nyuma ya friji, ila mlango wa uwani hawakuufungua! Hakuna aliyeuliza maji yanatuama wapi.

Aliyeniuliza ni bibi mmoja tunayepakana ukuta, mtu wa Makunduchi kule Unguja. Nimempa shikamoo yake asubuhi nikaanza kulalamika, akacheka akaniambia, "Mwanangu, wewe wawapiga wageni, wenyeji umewawacha chooni." Akanisimulia mwishoni mwa miaka ya 80 kwao walikuja watu wakamwaga kwenye mashimo ya vyoo zile chenga nyeupe nyepesi, kama zinazojaa kwenye boksi la tivii mpya, zinaelea zinaziba uso wa maji wote, viluwiluwi vinakosa pa kuvutia hewa. Huku watu wananyweshwa dawa ya matende, maana mbu wa chooni ndo huyohuyo anayeyaeneza. Anasema mbu walipungua mpaka watu wakashangaa.

Basi jioni ile saa moja kasoro nikaenda kusimama uwani, nikaangalia lile bomba la hewa la chemba linalopanda ukutani. Jamani. Walikuwa wanatoka mle kama moshi wa sigara iliyosahaulika, kimstari chembamba kinapanda kinapinda kuelekea dirisha la jikoni. Nikachukua kipande cha chandarua kibovu nikafunga mdomo wa bomba kwa mpira wa baiskeli. Asubuhi nikapanda ngazi na tochi ya simu, upande wa chini wa kile kitambaa ulikuwa mweusi, wamebanana huku miguu inachezacheza.

Nikaenda hadiwea nikanunua wavu wa plastiki ule mgumu wa madirishani, buku mbili, nikaukunja mara moja nikaufunga kwa waya. Nikaangalia na mfuniko wa chemba, una ufa wa kupitisha kidole, nikauziba kwa saruji niliyoomba kwa mafundi wanaojenga jirani. Wiki mbili baadaye tulikula wali sebuleni saa tatu usiku, feni inazunguka, hakuna aliyejipiga kofi.

Sasa msije mkasema nimewadanganya, wa mchana walibaki. Wale wenye madoadoa meupe miguuni, wa homa ya denge, iliyosumbua Dar 2014 na tena 2019, hao chooni hawataki, wanataka maji yako masafi. Kwetu maji ni ya mgao kwa hiyo madumu na ndoo hayaishi, na mi nilikuwa namwaga maji ya pipa nadhani nimemaliza, kumbe mayai wanayabandika kwenye ukuta wa pipa juu ya maji, yanakauka pale hata miezi yakisubiri mvua, ndo maana vuli ikigusa tu wanaibuka. Siku hizi kila Jumamosi pipa linasuguliwa kwa brashi ndani mpaka likwaruze, halafu linafunikwa. Visahani vya maua vya wife nilivitoa, kukawa na maneno kidogo, yakaisha.

Chandarua usiku bado tunalalia, yule wa malaria hana habari na bomba langu.

Kwa hiyo ukiwa na hela yako pulizia, wamefanya kazi waliyoijua, ila mwambie kabla hajawasha pampu aanzie uwani, akikuambia hiyo sio kazi yake basi funga geti.

Bomba la jirani wa nyuma bado liko wazi, naliona kutoka kwenye ngazi yangu. Nilimpelekea kipande cha wavu kilichobaki na waya juu, akasema ataweka wikiendi. Hii ni wikiendi ya tatu.