Unataka Kujifunza Wingu? Kozi Ilipie Mwisho

Wanaoniuliza kuhusu kompyuta ya wingu huanza na swali lilelile: nilipie kozi gani? Jibu langu huwaudhi kidogo. Pesa ya kwanza iende kwenye bando, ya pili kwenye ada ya mtihani wa cheti. Kozi ikibidi, ije baadaye.

Misingi yenyewe si mlima. Unakodi seva (kompyuta zinazohudumia wengine mtandaoni), hifadhi na hifadhidata za kampuni nyingine kupitia intaneti, unalipia ulichotumia. Mengine ni kujua nani anawajibika kwa usalama wa kipi, na bili inahesabiwaje. Haya yote yamewekwa bure na wauzaji wenyewe, kwa sababu wanataka uwe mteja wao.

Njia za kujifunza mimi nazipanga hivi. Namba moja: masomo ya bure ya kampuni, kisha mtihani. AWS, tawi la wingu la Amazon, wana tovuti ya masomo iitwayo Skill Builder, na ndani yake kozi ya Cloud Practitioner Essentials haina malipo. Microsoft Learn ina njia nzima ya AZ-900 (mtihani wa misingi ya Azure, wingu la Microsoft), nyingi ikiwa maandishi, hivyo haili bando. Mtihani wa Cloud Practitioner, cheti cha mwanzo cha AWS, ni dola 100: maswali 65, dakika 90, ufaulu alama 700 kati ya 1,000, na cheti hudumu miaka 3. AZ-900 ni dola 99 Marekani, kwingine bei hubadilika kulingana na nchi, na cheti chake hakiishi muda.

Jambo ambalo wengi hulikosa: AWS huwaongezea dakika 30 watahiniwa ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Ni bure, ila uombe kwenye akaunti yako kabla ya kujisajili kwa mtihani. Ukishalipa ndipo ukakumbuka, umechelewa.

Uchague ipi? Mimi naipa AWS nafasi ya kwanza. Ilianza kuuza huduma za S3 (hifadhi) na EC2 (seva) mwaka 2006, na ukikwama utapata aliyekwama kabla yako. Lakini kama ofisi yenu inaishi ndani ya Outlook na Teams, nenda AZ-900 bila kusita. Cheti cha Google cha Cloud Digital Leader, dola 99, kinamfaa zaidi meneja kuliko anayetaka kugusa seva.

Namba mbili: kozi ya video unayonunua mara moja. Udemy, soko la kozi mtandaoni, inafaa, kwa sharti usilipe bei kamili. Punguzo halikawii kurudi. Uzuri wake ni kwamba unaipakua kwenye simu na kuitazama bila bando. Ila kabla hujatoa hata senti, fungua YouTube utafute chaneli ya freeCodeCamp: kozi nzima ya Cloud Practitioner iko pale, zaidi ya saa kumi. Ipakue kwa bando la usiku.

Namba tatu: usajili wa kila mwezi, kama Coursera. Masomo ni mazuri, lakini mwezi wa pili ukifika uko moduli ya pili, kadi inakatwa vilevile.

Namba nne: darasa la kulipia mjini. Niliwahi kulipia wiki sita katika chuo kimoja. Hadi wiki ya nne hatukuwa tumewasha mashine pepe (seva ya kukodi kwenye wingu) hata moja, ni slaidi juu ya slaidi. Kabla ya kulipa uliza mawili: nitafanya mazoezi kwenye akaunti yangu mwenyewe? Ada ya mtihani imo? Wakijibu kwa kuzunguka, ondoka. AWS re/Start, mafunzo ya AWS wenyewe, ni kitu kingine kabisa: wiki 12, bure, kwa wasio na ajira, kupitia taasisi washirika. Ukisikia imefunguliwa kwenu, iache namba moja yangu ukaombe.

Sasa mazoezi, maana bila kugusa hujajifunza. Google hutoa dola 300 za majaribio kwa siku 90, Azure dola 200 kwa siku 30. Utahitaji kadi ya benki. Majaribio hayo ni kama Luku: salio likiisha, giza. Ukishahamia akaunti ya kulipia, Luku imegeuka deni, hakuna kinachozima chenyewe. Nilisimamisha mashine nikadhani nimemaliza, kumbe diski yake ilikuwa inaendelea kuhesabiwa. Futa, usisimamishe tu. Hata anwani ya IP ya hadharani (namba inayofanya seva yako ifikike mtandaoni) AWS huitoza dola 0.005 kwa saa, karibu dola 3.6 kwa mwezi. Weka tahadhari ya bajeti (ujumbe wa kukuonya gharama ikipanda) siku ya kwanza, kabla ya kuwasha chochote.

Mtihani unaweza kuufanyia nyumbani mbele ya kamera, au kituoni. Dar es Salaam na Nairobi vituo vipo. Nyumbani unaokoa nauli. Mimi nilikwenda kituoni, kwa sababu wana jenereta.