Upekuzi wa hati ya ardhi Uganda: unachopata na usichopata

Gharama zote za kununua ardhi ukizipanga pamoja, upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi ya kanda ni miongoni mwa zile ndogo kabisa, na ndio unaookoa pesa nyingi zaidi. Tunaupendekeza kwa kila mnunuzi. Ila usome majibu yake kwa makini: barua unayopewa inasema jina la nani limo kwenye daftari la ardhi. Ardhi ni ya nani hasa, hilo ni swali pana zaidi.

Nenda ofisi inayohudumia wilaya ilipo ardhi. Kwa mailo (umiliki wa kudumu wenye hati, hasa Buganda), taja kaunti (Kyadondo au Busiro, kwa mfano), namba ya bloku na namba ya ploti. Kwa frihodi (umiliki wa kudumu) na ardhi ya lizi (ya kukodi kwa miaka maalumu) utahitaji namba za volyumu na folio, yaani kitabu na ukurasa wa daftari, zilizo kwenye hati. Jaza fomu, ambatisha nakala ya hati, lipa ada benki kwa namba ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), tunza risiti. Usimpe dalali pesa akusaidie kupanga foleni, na usikubali barua ya upekuzi aliyoileta muuzaji. Chukua yako.

Barua ikitoka, tazama jina la mmiliki, tarehe na namba ya usajili wake, ukubwa, kisha vizuizi: rehani ya benki au kaveati (zuio la mtu anayedai haki kwenye ardhi hiyo). Ukubwa huandikwa kwa hekta, wakati madalali huongea kwa desimali, na hapo ndipo watu hupunjwa. Eka moja ni desimali 100, sawa na hekta 0.4047. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama hekta 0.0465, yaani desimali 11.5 hivi. Hati ikisema hekta 0.035, huuziwi 50 kwa 100, hata dalali aape vipi.

Udhaifu mkubwa ni kwamba barua hujibu namba uliyopeleka, si udongo uliokanyaga. Tapeli hukuonyesha kiwanja kizuri barabarani, akakupa namba ya ploti ya bondeni. Upekuzi unatoka safi kabisa. Dawa ni mpima ardhi aliyesajiliwa afungue mipaka (aipime upya), atafute mawe ya mipaka, alinganishe na ramani. Majirani na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wawepo.

Kwenye mailo kuna jambo zito zaidi. Mwenye kibanja, yaani anayekaa kwenye kipande cha ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, hayumo kwenye daftari, lakini sheria inamtambua. Aliyekaa na kutumia ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, au mrithi wake, ana haki pale. Ukinunua hati, umenunua ardhi naye akiwa bado juu yake: hafukuzwi ila kwa amri ya mahakama kwa kutolipa busuulu (kodi ya ardhi ya kila mwaka kwa mwenye hati). Ukiona migomba, makaburi au nyumba, uliza ni za nani kabla hujatoa hata shilingi. Vivyo hivyo ardhi ambayo familia inaishi au kujipatia riziki haiuzwi bila idhini ya mke au mume, hata jina moja tu likiwa kwenye hati. Dai idhini hiyo kwa maandishi.

Sehemu kubwa ya Acholi, Lango na West Nile ni ardhi ya kimila isiyo na hati, hivyo upekuzi hauna cha kukuonyesha. Huko ushahidi ni wazee wa ukoo, majirani na mipaka ya miti. Wakongomani na Wakenya wasio raia wa Uganda wajue kwamba mailo na frihodi haziwahusu: wanaruhusiwa lizi tu, isiyozidi miaka 99. Wao wahesabu miaka iliyobaki, si ile iliyoandikwa mwanzo.

Kaveati inaweza kuwekwa leo asubuhi. Kwa hiyo rudia upekuzi siku ya kulipa, hata kama ule wa kwanza ulikuwa safi.