Mizani ya springi ya shilingi 9,000, imelifungua somo la kazi

Nafundisha fizikia sekondari huku upande wa Hombolo, Dodoma. Mwezi uliopita niliingia mjini nikanunua mizani tatu za springi, duka la vifaa vya shule jirani na soko la Majengo. Shilingi 9,000 kila moja, hela yangu mwenyewe. Ni zile za bomba la plastiki angavu, upande mmoja gramu, upande wa pili nyutoni (kipimo cha kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma), mwisho nyutoni 50.

Wanafunzi wangu walikuwa wanakariri maana ya kazi ya kifizikia kwa Kiingereza bila kukosea neno. Ukiwauliza imekaaje, kimya. Safari hii tukachukua boksi la mchanga la kilo mbili, tukalitundika kwenye mizani na kulipandisha juu ya benchi, nusu mita. Sindano ikasimama kwenye nyutoni 20. Kazi ni kani mara umbali, na kipimo chake ni jouli: hapa jouli 10. Kisha tukaegemeza ubao wa mita moja na nusu kwenye benchi lile lile, boksi tukaliburuta polepole. Nyutoni 13! Darasa zima likashangilia kwamba ubao umepunguza kazi. Nikawaambia, zidisheni kwanza. Wakapata jouli 19.5. Ubao umepunguza kani, lakini kazi imekaribia mara mbili, kwa sababu zile jouli tisa na nusu za juu zimeliwa na msuguano zikawa joto. Binti mmoja akainuka kwenda kuupapasa ubao, alitaka kulihisi.

Mwingine akauliza: "Mwalimu, mama anatoka bombani na ndoo kichwani, kilomita nzima, halafu tuseme hajafanya kazi?" Swali hilo nalipenda kuliko yote. Kuinyanyua ndoo ya lita 20 kutoka chini hadi kichwani, kama mita moja na nusu, ni jouli 300 hivi. Ila njia ikiwa tambarare, kani inayoibeba ndoo inaelekea juu na mwendo unaelekea mbele, kwa hiyo kani hiyo haiifanyii ndoo kazi. Misuli ya mama inatumia nishati muda wote, na uchovu wake ni wa kweli kabisa. Hesabu yetu ni ya kile kilichoifikia ndoo.

Kasoro zipo. Mizani moja ilisoma nyutoni 1 ikiwa haijatundikwa kitu, na haina skrubu ya kurekebishia. Nilipoirudisha muuzaji akaniambia, "Mwalimu, nyutoni moja ni nini?" Kwenye ubao wangu ni jouli moja na nusu nzima! Alinibadilishia, baada ya kubishana. Halafu namba zimechapwa kwenye karatasi ya gundi, na jasho la mikono ya watoto limeshaanza kuzifuta. Nimezifunika kwa selotepu.

Mwisho wa mwezi naongeza mbili. Ukienda, itundike wima kabla hujalipa, uone sindano inaanzia wapi.