Tahadhari kwa wanaonunua pikipiki mpya Mombasa: usitoe arbuni kabla bei yote haijaandikwa

Ndugu zangu wa Mombasa, hasa nyinyi mnaokusanya hela mtoe pikipiki dukani, nisomeni kabla hamjatuma hata shilingi. Duka moja hapa kisiwani limenila 20,000. Jina silitaji kwa kuwa naenda nao mahakamani, lakini mchezo wao nauweka wazi wote, maana vijana wawili wa steji yetu wameniambia nao walifanyiwa hivyo hivyo kwengine.

Nilikuwa namtafutia mpwa wangu pikipiki ya kazi, ya injini ya cc 150, abebe abiria na mizigo ya soko la Kongowea. Duka la kwanza waliniambia 185,000, la pili 182,000. La tatu kijana alinivutia kiti, akaniletea maji baridi, akaniita mzee wangu. Bangoni imeandikwa 184,000. Nikampa 160. Akacheka, akaingia ndani kumuuliza bosi, akatoka na 175. Nikashika palepale. Akaingia tena, akakaa sana, akatoka na 168. "Mzee wangu, hii nakupa kwa sababu ni wewe. Lakini ni ya leo tu, bosi akifunga hesabu saa kumi, kesho inarudi ya bangoni."

Nikajiona nimepatana vizuri. Sikuuliza hiyo 168,000 ni ya nini. Maduka mawili ya mwanzo walinitajia bei ya pikipiki ikiwa na namba na bima, ya kuwasha na kuondoka, nikadhani na huyu ndivyo. Akataka arbuni ya 20,000 anishikie. Till ya duka, ile namba ya kulipia ya M-Pesa, akasema leo inasumbua, nitumie kwa simu ya mhasibu. Nikatuma. Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mtu, si la duka, na moyo wangu ulishtuka kidogo, lakini mkono ulishabonyeza. Risiti niliyopewa ilikuwa karatasi ya kitabu, imeandikwa "arbuni 20,000" na sahihi isiyosomeka. Hakuna aina ya pikipiki, hakuna namba ya chasisi, hakuna bei tuliyopatana.

Kesho yake nimefika na salio na mpwa wangu kavaa shati jipya. Kijana akatoa karatasi nyingine. Usajili na namba 9,500. Bima 6,000. Kuifunga na kuitia betri 4,500. Usafiri kutoka Nairobi 5,000. Faili 2,500. Jumla ya nyongeza 27,500, na pikipiki yangu ya 168,000 sasa ni 195,500. Ile ya 182,000 niliyoiacha duka la pili ilikuwa rahisi kuliko hii, na kwa umbali mkubwa.

Nikasema basi nirudishieni changu. "Arbuni hairudi, mzee wangu." Nilipopandisha sauti akaja bosi mwenyewe, mpole, akanishika bega. Akasema atanisaidia: kuna moja iko pembeni, mpya vilevile, na kwa pikipiki hiyo atanisamehe nyongeza zote, nilipe 168,000 yangu niondoke nayo. Namba itafuata baada ya wiki mbili.

Namshukuru Mungu nilikuwa nimekuja na fundi wetu. Mita ilisoma kilomita 6, na tangi limepigwa polishi mpaka unajiona. Fundi hakutazama tangi. Aliinama akapitisha kidole kwenye tairi la nyuma. Tairi jipya lina vinywele vya mpira vimesimama, hili lilikuwa laini katikati na vinywele vimebaki pembeni tu. Akanionyesha mpira wa gia umelika upande mmoja, pale kidole cha mguu kinaponyanyua. Kisha akapapasa nyuma, pale namba inapofungwa: kila tundu la skrubu lina duara la kutu. Chumvi ya bahari yetu haichelewi, lakini si rahisi iache duara namna ile kwenye tundu ambalo skrubu haijawahi kuingia. Ile pikipiki ilishawahi kuvaa namba ya mtu. Fundi alinong'ona kwamba huenda ilinyang'anywa mtu aliyeshindwa na mkopo, na mimi namwamini. Tukaondoka mikono mitupu, mpwa wangu haongei mpaka tumevuka feri.

Sasa sikilizeni nilivyofanya baadaye, maana pikipiki tulipata, duka lengine, 178,000. Sikuanza na "punguza". Nilianza na "niandikie kila kitu kwenye karatasi moja": pikipiki, VAT (kodi ya ongezeko la thamani), usajili, namba, bima, na chochote kingine, na chini yake bei ya mwisho. Kisha ndipo nikapatana na ile namba ya chini kabisa. VAT iulizeni kwa jina. Ni asilimia 16, na 160,000 uliyotajiwa bila VAT inakuwa 185,600 wakati wa kulipa. Walipofika mahali hawashuki tena nikaacha bei, nikaomba vitu: helmeti mbili, jaketi mbili za rifleksi, sevisi ya kwanza bure. Vitu hutoa kwa urahisi kuliko pesa. Na nililipa kwa till yenye jina la duka, nikapewa risiti ya kodi yenye namba ya chasisi, nikailinganisha na iliyogongwa kwenye chuma kabla sijaondoka. Usajili uko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa jina letu, tumeuona wenyewe kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na namba inayoanza na KM ilifungwa palepale dukani.

Na wale wa mkopo, mtu akikwepa bei akakwambia tu "ni 430 kwa siku", toa simu upige hesabu. Kwa mfano, arbuni ya 35,000 na 430 kwa siku 540 ni 267,200. Huenda huna njia nyengine, sikulaumu, lakini ujue unachosaini.

Kuhusu 20,000 yangu, sikuiacha. Mahakama ya Madai Madogo iko hapa Mombasa, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 pia inakataza kumwambia mteja kitu ni kipya nacho si kipya. Nimehifadhi meseji ya M-Pesa, karatasi yao ya nyongeza, na picha za lile tairi alizopiga fundi. Kama nawe ulitoa arbuni duka ukaambiwa hairudi, usifute meseji yako, na kile kipande cha risiti usikitupe hata kama hakisomeki.